Vidole Viwili, Siyo Gumba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma za Afya,
Mganga Mfawidhi wa hospitali hii,
wauguzi, wahudumu na walinzi wetu wa getini,
wazazi wenzetu,
na nyinyi mabinti tisa mliowekwa mstari wa mbele kwa kuwa viti vyenu vina magurudumu:

KUKUKARIBISHA

Karibu sana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tunausema msemo huo tukiuhitaji kweli.

Kabla hatujafika mbali tuna ombi dogo ambalo halimo kwenye orodha. Tunaomba kusiwe na makofi wala vigelegele tunaposoma, na hata tukimaliza. Si utovu wa adabu. Yule binti wa kwanza kulia, mwenye gauni la njano, amebandikwa nyaya tano kifuani, na kiunoni amefungwa kisanduku kinachoandika kila pigo la moyo wake tangu jana saa tano asubuhi. Kelele ya ghafla humshtua, na akishtuka pumzi hupotea. Wenye spika tumeshaongea nao, wametuelewa, tunawashukuru.

Mimi ninayesoma ni fundi cherehani, katibu wa kikundi, na yule binti ni wangu. Kamati imenionya nisome kama ilivyoandikwa, nisitie chumvi. Nitajitahidi.

SISI NI NANI

Mgeni rasmi, kikundi chetu kilianzia kwenye benchi la mbao nje ya chumba namba sita, miaka saba iliyopita. Tulikuwa wazazi tusiojuana, kila mmoja amempakata binti yake, kila mmoja akidhani ni wake peke yake duniani.

Binti zetu walizaliwa wazima. Walikaa, walicheka, wengine waliita baba. Halafu, kati ya mwaka mmoja na miwili, maneno yakaanza kuondoka moja moja. Mikono ikaacha kushika kijiko, ikabaki kujisugua kutwa nzima kama ya mtu anayenawa. Majirani walisema mengi, na mengine hayasomeki mbele ya wageni. Ugonjwa wenyewe una jina refu ambalo hata daktari hulisoma polepole. Ni adimu, na humpata zaidi mtoto wa kike.

Kilichobaki ni macho. Wangu tunamwita Hakimu, kwa sababu akikukazia macho utakiri hata kosa la mwaka juzi. Shemeji yangu huvua kofia kabla ya kumsalimia.

Mwanzoni tulidhani ugonjwa uko mikononi na mdomoni tu. Aliyetufumbua macho ni mtaalamu wa mashine ya moyo wa chumba namba sita, ambaye sisi humwita Shangazi Waya. Alituambia hivi: mwili una kazi nyingi unazojifanyia wenyewe bila kuamriwa. Kupumua, kupiga moyo, kupasha miguu joto, kusaga chakula, kutoa jasho. Kwa binti zetu msimamizi wa kazi hizo ni kama anasinzia kazini. Ndiyo maana miguu yao huwa ya baridi hata jua likiwa kali. Ndiyo maana mtoto ameketi vizuri, anakutazama, mara pumzi inasimama.

TULIYOYAFANYA

Shangazi Waya alitupa kazi ya nyumbani. "Shikeni mkono wa mtoto," alisema, "hesabuni mapigo dakika nzima, andikeni kwenye daftari, asubuhi na jioni."

Tukahesabu miezi minne bila kukosa. Tukarudi na madaftari, tumetembea kifua mbele. Akasoma la kwanza, akasoma la pili, akakunja uso. "Hebu nionyesheni mnavyoshika."

Sote kumi na mmoja tukatoa gumba.

"Ala! Jamani!" akasema. "Gumba lina mshipa wake. Miezi minne mnahesabu mapigo yenu wenyewe!"

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Tunakiri kosa hilo mbele yako, mheshimiwa, kwa sababu ndilo lililotupa jina. Ila mama mmoja aliacha kucheka kabla yetu. Alikuwa amefungua daftari lake. Mia na kumi na nane. Mia na ishirini na sita. Mia na ishirini na mbili. "Kumbe mapigo haya yote ni yangu?" akauliza. Mama huyo ndiye mwenyekiti wetu leo, yule aliyeketi karibu na Hakimu, amemshika mkono.

Tangu siku hiyo tunashika kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, na gumba tunalikalia. Kidole kimoja hakivunji chawa, sisi tunaongeza kwamba na gumba halihesabu mtoto.

Kosa la pili ni langu mwenyewe, kamati iliandika "mzazi mmoja" nami nimelibadilisha. Mwezi uliopita Hakimu alivaa kisanduku cha mashine ya chumba namba sita kwa mara ya kwanza. Shangazi Waya akatandaza karatasi ndefu mezani, yenye vijilima vya mapigo. Mimi kazi yangu ni mshono. Nikaitazama ile karatasi, nafasi kati ya pigo na pigo zote sawasawa, huwezi kupitisha hata uzi. Nikasema, "Mashaallah, huu moyo umeshonwa na fundi." Mama yake akapiga kigelegele.

Shangazi Waya hakucheka. Akachukua mkono wangu, akauweka mshipani mwake mwenyewe, akavuta pumzi ndefu. Nikausikia moyo wake ukiharakisha. Akaitoa pumzi, moyo ukalegeza mwendo. "Moyo mzima hauendi sawasawa hivi," akaniambia. "Hupanda na kushuka, unasikiliza pumzi. Huu wa mwanao hausikilizi kitu."

Mgeni rasmi, tangu hapo hata nguo za watu nazishona nikiogopa. Nikiona mshono umenyooka, naweka mkasi chini.

Mafanikio mengine ni haya. Binti wawili wamebadilishiwa dawa baada ya kisanduku kuonyesha kwamba dawa ya zamani inauchosha moyo. Mmoja alipelekwa kwa daktari bingwa wa moyo siku hiyohiyo, na leo yuko hapa, ndiye anayemtazama mpiga picha bila kupepesa. Tunawashukuru wauguzi. Tunamshukuru na mhudumu wa usafi, aliyetushonea mifuko ya kubebea kisanduku kabla mimi mwenye cherehani sijafikiria.

YANAYOTUTISHA

Risala nyingine huita sehemu hii changamoto. Sisi tulikaa kikao kizima, tukakubaliana kwamba neno ni hofu.

Tulikuwa na binti kumi na mmoja, sasa ni tisa. Mmoja alifariki kwa homa ya mapafu. Wa pili alikuwa binti wa mwenyekiti. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshawaka, wanajiandaa kuja kliniki. Mama yake alikuwa amemvalisha kiatu kimoja. Akainama kuchukua cha pili chini ya kitanda, akainuka nacho, na mtoto alikuwa hayupo tena. Hakulia wala hakutapatapa.

Wakati ule mashine ilikuwa imepelekwa matengenezo kwa wiki sita. Yeye alifariki wiki ya tano. Hatusemi kwamba mashine ingemwokoa, na mwenyekiti mwenyewe alitukataza kuandika hivyo. Tunasema hatujui, wala hatutajua kamwe. Tangu hapo, katika kikundi chetu, hakuna mzazi anayemvalisha mtoto viatu kabla ya kuviweka vyote viwili pajani.

Sasa kuna barua. Imebandikwa mlango wa chumba namba sita. Inasema kila kifaa kisichohudumia wagonjwa hamsini kwa mwezi kitahamishiwa hospitali kuu, pamoja na mtaalamu wake, na gari litakuja Jumatatu. Huko ni safari ya siku nzima kwa mtu mzima mwenye afya. Mtoto anayeshika pumzi kila akitikiswa hafiki, na akifika hafai kupimwa.

Mheshimiwa, sisi ni tisa. Ugonjwa ni adimu, tutafikishaje hamsini? Hakuna mzazi hapa anayeomba tuongezeke.

Hakimu ana degedege. Daktari anataka kumpa dawa yenye nguvu zaidi, lakini dawa hiyo inaweza kuuvuruga moyo usiosikiliza. Kwa hiyo anahitaji karatasi tatu za kisanduku, kila moja kwa mwezi wake, ndipo aamue. Ya kwanza tunayo. Ya pili inaandikwa sasa hivi mnaponisikia. Ya tatu ni mwezi ujao, na tarehe imeshaandikwa kwenye kadi yake. Bila ya tatu, daktari amesema hatathubutu kumpa dawa. Na bila dawa, degedege la wiki jana lilikuwa la dakika kumi na tatu.

Tunajua sahihi iliyo chini ya barua ile ni yako. Hatusemi kwa kukulaumu, karatasi nyingi hupita mezani na hakuna hata moja inayokuja na mtoto wake. Tulichotaka ni…

Samahani, mgeni rasmi. Naweka karatasi chini kidogo.

Mama yake, ameshika pumzi? Ameshika. Bonyeza kitufe cha kisanduku. Kile cha pembeni, cha kijani, bonyeza, ili Shangazi ajue kwenye karatasi ni hapa. Tafadhalini msimsogelee, mpisheni hewa. Hapana, mheshimiwa, keti tu, asante, hakuna cha kufanya zaidi ya kuhesabu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mwenyekiti, usimwachie mkono. Kumi na sita. Hakimu, baba yuko hapa. Niangalie mimi, mwanangu. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu.

Haya. Hiyo hapo. Imerudi.

Mungu mkubwa. Midomo inarudi rangi. Tumpe dakika.

Mtuwie radhi, wageni wetu. Hilo halikuwamo kwenye risala. Na kwetu ni jambo la kila siku, mara thelathini, mara arobaini, na kila mara tunaogopa upya kama ndiyo ya kwanza. Mtu huzoea njaa, huzoea hata jirani mbaya, hili hatujalizoea. Nikikosea mstari mnisamehe.

MAOMBI

Kamati iliandika maombi sita. Kuna mapazia ya wodi, kuna mteremko wa viti vya magurudumu pale getini, kuna mengine. Mwenyekiti ananipa ishara kwa mkono. Ameelewa ninachotaka kufanya, na amekubali. Nayaruka matano. Tutakuletea kwa barua.

Tunaomba mashine ya chumba namba sita na Shangazi Waya wasihamishwe Jumatatu.

Kama haiwezekani milele, basi mpaka mwezi ujao upite. Kama na hilo haliwezekani, tuambie hapahapa, mbele ya Hakimu, kwa sababu yeye anasikia kila kitu na tumechoka kumficha.

Ukumbi mpya wa kusubiria uliokuja kuufungua ni mzuri. Vigae vinang'aa, viti vina migongo, na benchi letu la mbao limetolewa nje. Tunashukuru kwa dhati. Hofu yetu ni kwamba kuanzia Jumatatu tutaketi ndani yake na hatutakuwa na cha kusubiri.

KUHITIMISHA

Mgeni rasmi, kwa kawaida hapa msomaji hukukabidhi risala, mnapeana mikono, watu wanapiga makofi na picha inapigwa. Sisi tumekubaliana vingine. Badala ya makofi, tunakuomba ushuke hizo ngazi tatu uje mstari wa mbele. Mwenyekiti atakupisha kiti chake. Hakimu atakukazia macho, usiogope, huwafanyia wote. Ushike mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, kwa vidole viwili, gumba lako likae pembeni, la sivyo utamhesabu Mkurugenzi. Nami nitakutazamia saa ya muuguzi. Ni dakika moja tu.

Ukimaliza kuhesabu, usituambie namba. Namba tunazo, madaftari yamejaa. Tuambie kama gari la Jumatatu linakuja au haliji.

Mungu akutunze wewe na wanao, awape usingizi mwema na njia nyeupe. Na mioyo yenu, mheshimiwa, aijalie isiende sawasawa hata siku moja. Ipande mkivuta pumzi, ishuke mkiitoa, mpaka uzeeni.

Karibu ushuke. Saa ipo mkononi mwa muuguzi, na kiti kimeshaachwa wazi.

Ni sisi,
Wazazi wa Vidole Viwili,
benchi la nje, chumba namba sita.