Theodora Nandonde na Madaftari ya Vijana wa Newala

Ndugu wa Lulindi, wageni wa Masasi, mapadri na masheikh, wanakwaya, na ninyi vijana mliopanda pikipiki kutoka Newala tangu alfajiri, familia inawaomba mketi, walio juani wasogee turubaini. Aliyelala hapa mbele hakupenda mafumbo, kwa hiyo historia yake itasomwa kama ilivyokuwa, na anayeisoma ni kaka yake mkubwa, Dastani, fundi baiskeli, ambaye shule yake iliishia darasa la saba na mengine kajifundisha mwenyewe, akijikwaa mvumilieni.

Marehemu Theodora Ladislaus Nandonde, Mama Eric, alizaliwa hapa Lulindi tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Ladislaus na mama Justina, ambao wote wametangulia. Aliingia darasa la kwanza mwaka 1992 katika shule ya hapa hapa kijijini, akamaliza mwaka 1998, akasoma sekondari Masasi, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002 na cha sita mwaka 2005, kisha akaenda chuo kikuu Dar es Salaam kusomea sosholojia, somo ambalo Dastani alipoelezwa alisema, "Yaani umekwenda mjini kusomea umbeya, Dora?" naye akajibu, "Ndiyo kaka, ila umbeya wetu una mitihani."

Mwaka 2009 aliajiriwa Newala, afisa maendeleo ya jamii, na huko ndiko alikokutana na Mwalimu Lameck, mwenyeji wa Singida aliyeletwa na ajira akasahau njia ya kurudi kwao, wakafunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 11 Juni 2011, wakajaliwa watoto wawili, Eric mwaka 2012 na Julia mwaka 2016.

Januari 2019 alichukuliwa na kampuni moja ya utafiti ya Dar es Salaam, kazi yake ikiwa kujua vijana wa Newala wanasikiliza nini, wanatazama nini, kwa simu ya nani, na ni kitu gani kinawafanya wanunue wanachonunua. Mwanzo alikosea, na yeye mwenyewe alikuwa akilisimulia kosa lake huku akicheka, maana alikwenda na karatasi za maswali, na vijana themanini wakamjibu kwa adabu kwamba wanasikiliza taarifa ya habari na mahubiri, basi, mpaka binti mmoja wa miaka kumi na minane, Pili, ambaye yupo hapa, akamwambia, "Shikamoo mama, ila ukituuliza kama karani wa sensa, na sisi tutakujibu kama watu wa sensa."

Theodora alizirudisha zile karatasi mkobani, akahamia nyumbani kwa mama yake Pili, akaokota nao korosho, akakaa kwenye foleni ya kuchaji simu kwa kinyozi, akajibana nao kwenye banda la video akitafuna karanga, na msimu mzima ulipokwisha ndipo alipoelewa jambo ambalo wataalamu wengi walilipita. Huku simu hununuliwa Novemba, korosho zikiuzwa, na Machi, chakula kikipungua, huuzwa, kijana akabaki na laini tu, ameifunga kwenye pindo la kanga, akisubiri kuazimwa simu dakika kumi, na katika dakika kumi hizo ndimo anamosikiliza, anamotazama na anamopenda. Waliokuja Machi waliandika kwamba vijana wa Newala hawana habari na mambo ya simu. Theodora aliandika zile dakika kumi, madaftari kumi na moja, na alimuahidi kila kijana kwamba jina lake halitatoka mkononi mwake.

Septemba 2021 kampuni ilitaka majina na namba, kwa sababu mteja wake, muuza michezo ya kubahatisha, alitaka kuwafikia vijana hao mmoja mmoja kwa matangazo, Theodora akakataa, na tarehe 30 ya mwezi huo akaachishwa kazi. Dastani aliwaka. Alimwambia, "Wape majina, watoto wenyewe hata hawatajua!" Akajibiwa, "Pili alinifungulia pindo la kanga niione laini yake, kaka. Mama yake mzazi hajaiona. Sasa mimi niipeleke sokoni?" Dastani akamwita mjinga mbele ya mumewe, na miezi minne hakukanyaga kwake, hadi Theodora alipokuja mwenyewe akiburuta baiskeli ya Eric, akidai breki hazishiki. Zilikuwa nzima. Dastani alikaza nati ambazo hazikulegea, wakanywa chai, na neno la samahani halikutamkwa.

Februari 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa hospitali ya Mkomaindo na baadaye ya Ndanda, akavumilia bila kumnunia mtu, na Juni mwaka huu, akiwa kitandani, alimkabidhi Dastani ufunguo wa sanduku la madaftari, si mumewe, kwa sababu, alisema, Mwalimu ni mpole mno, na hao watu watakuja kuomba vizuri. Alifariki Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Na kweli walikuja kuomba vizuri, jana, hapa hapa msibani, bwana mmoja wa kampuni ile na bahasha ya rambirambi, akisema madaftari ni mali ya ofisi. Waombolezaji mlisikia alivyojibiwa. Familia inaomba radhi kwa maneno yaliyotumika, haiombi radhi kwa jibu. Bahasha alirudi nayo.

Madaftari hayajafunguliwa. Tukitoka makaburini, kila kijana aliyemo humo apite barazani, ataoneshwa kurasa zake, azichane kwa mkono wake mwenyewe, aondoke nazo au azitie kwenye moto wa wapishi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuteka maji, walimu wenzake Lameck, na watani zetu Wayao, hata Ashiru, aliyegoma kuchimba kaburi mpaka apewe bando, akidai mtafiti wa simu hawezi kulazwa pasipo na mtandao. Alichimba. Ahsante, mtani.

Kaka yako alikosea, Dora, na leo amelisema mbele ya watu. Pumzika kwa amani.