Mlango Uliojulikana

"Hoteli ya kihistoria, wapi!" mama aliyekaa mbele yangu kwenye treni alimwambia mwanamke wa pembeni yake, ambaye hata hakuwa amemuuliza. "Picha zinang'aa, kumbe godoro limebonyea na bomba linakohoa. Mume wangu ndiye aliyenipeleka, eti tusherehekee ndoa yetu, kisha jana akatangulia kurudi kazini."

"Majengo ya kale ndivyo yalivyo, dada."

"Haya, na mlango? Nimesukuma wee, haufungiki. Yeye akaja, akaunyanyua kidogo kwa goti, ukaitika. Halafu ananiambia, maji ya moto fungulia bomba la baridi. Amejuaje? Na pale mapokezi walimwambia karibu tena."

"Hilo huwaambia wageni wote."

"Mbona mimi waliniambia karibu tu?"

Mimi nilikuwa na gazeti mkononi, na sikuwa nimegeuza ukurasa tangu tuondoke.

"Labda aliwahi kulala pale kikazi," jirani alijaribu.

"Mume wangu anaoka mikate, mwenzangu. Mikate gani inalazwa hotelini?"

"Basi muulize. Kuuliza si ujinga."

"Nikimuuliza atanijibu," alisema, sauti imemshuka. "Na jibu lenyewe nitaliweka wapi?"

Treni ikasimama. Mama akashuka, na dirishani nikamwona mwanamume akimjia mbio, akimwita, "Mke wangu, pole na safari," mikono yote miwili mbele. Mama alimpa mkoba. Mkono hakumpa.