Kitenge cha Nyololo

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Mnisamehe, nasoma kwenye daftari. Nikiwatazama usoni nitanyamaza.

Ilianza Jumanne, saa tisa na robo alasiri. Tumefunga shule, narudi nyumbani Mbeya. Karibu na Nyololo basi likateleza kwenye ukungu, likalala ubavu mtaroni. Hakufa mtu. Mimi sikupata hata mchubuko, ndiyo maana kila mtu alidhani nimepona.

Sikupona! Nyumbani Ilomba, honi ya lori ikilia naingia chini ya meza. Mtu wa kidato cha tatu, chini ya meza! Shule ilikaribia kufunguliwa, na Iringa ninakosoma hakufikiki bila basi.

Ndugu zangu, watu wetu wana upendo. Walikuja na sukari kunipa pole, na kila mmoja akishakaa anataka nimsimulie, tena tangu mwanzo. Nikisimulia, basi linaanguka upya. Wao wanaaga wameridhika, mimi nabaki natetemeka. Wengine wakasema hofu ni upungufu wa imani. Nikaona aibu hata kuomba.

Ndipo shangazi Atupele akakaa mlangoni na gunia la mahindi. Kila aliyekuja na pole alipewa beseni apukuchue pamoja nami. Maswali marufuku. Jirani mmoja akalalamika kwamba amekuja kuona mgonjwa, siyo kufanya kibarua.

"Pukuchua, mwaya," shangazi akamwambia. "Mgonjwa mwenyewe anakushinda."

Nilicheka! Mara ya kwanza tangu ajali.

Tulipukuchua siku nyingi. Nikianza kutetemeka, shangazi ananiambia nitaje ninavyoviona: beseni, paka, ndala zake zilizokatika. Ikabaki siku moja shule ifunguliwe. Siku hiyo nikaanza kusimulia mwenyewe, bila kuombwa. Nilipofika mtaroni nikakwama. Shangazi akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Ulipotoka dirishani, nani alikupokea?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau! Mama muuza mahindi alinifunga kitenge chake, akanikalisha juu ya ndoo, akaniita mwanangu, mwanangu, mpaka nikaacha kulia. Kumbe Bwana alishaniwekea mtu pale pale! Kila siku nilikuwa naishia mtaroni, simfikii. Nikalia, nikacheka, beseni likamwagika lote. Shangazi hakunisaidia hata kuokota.

Namshukuru Mungu, namshukuru shangazi. Na wewe unayetetemeka huku watu wanasema umepona, mwamini Yeye, utafute na mtu wa kukaa naye asiyekuharakisha. Kuogopa siyo dhambi. Mimi bado naogopa kidogo.

Basi, kesho yake asubuhi, siku ya kurudi shule, nilipanda basi; kitenge cha yule mama, nilichofika nacho nyumbani siku ya ajali, nimekifua kiko mkobani. Liliposimama Nyololo kushusha abiria, nikashuka mbio kumrudishia. Yule mama hakunikumbuka sura, alikumbuka kitenge.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimia kwa kilugha cha kwao. "Leo huna matope."

Akanipa hindi la moto. Nikapanda basi tena, mwenyewe, nikakaa dirishani.