Madaftari Saba ya Kiodia

Zima televisheni, Roméo, uje ukae hapa kitandani karibu na dada yako Raïssa, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na haya ninayowaachia siwezi kuyasema mara mbili. Ukitaka kunijibu kwa Kiswidi nijibu tu, nimezoea. Mimi nitasema Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha pekee ambayo mimi, Artatrana wa Odisha kule India, na mama yenu Concessa wa Gitega tuliweza kugombana na kupatana ndani yake.

Mali sina. Nyumba hii ya Hässelby ni ya kupanga, funguo mtawarudishia wenyewe. Koti zito ni la Roméo, cherehani ya mama yenu ni ya Raïssa, wala msibishane. Urithi wenyewe ni yale madaftari saba chini ya kitanda, na kabla hamjayagusa lazima mjue aliyeyaandika alikuwa mtu gani.

Mnajua nilitoa vitabu vitatu, na kwamba kule Cuttack, mji wa kwetu Odisha, watu walinivika shada la maua kwa ajili ya kile cha kwanza. Msichojua ni kwamba kitabu hicho ndicho kilichonifukuza kwetu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikaandika hadithi ya msichana aliyempenda mfinyanzi, akawa anatokea mlango wa jikoni kwenda kumwona, na kijiji kilipoisoma kikamtambua dada yangu Kuntala, ingawa jina nilikuwa nimelibadilisha. Mumewe alimrudisha kwetu hata mwezi haujaisha. Akanijia barazani, akaniuliza, "Kaka, hukuwa na kitu kingine cha kuandika?" Nilipopata kazi ya kufundisha hesabu Burundi nilisema nafuata mshahara, nanyi mmekua mkiamini hivyo. Kweli ni kwamba nilikuwa nakimbia macho yake. Alifariki mwaka 2004 katika nyumba ileile ya baba, na mimi, niliyejiita mwandishi, sikuwahi kumwandikia barua hata moja.

Sasa Roméo, wewe hukuwa umezaliwa, kwa hiyo sikiliza vizuri. Oktoba ya 1993, rais alipouawa na nchi ikawaka vita, tulitoka Gitega kwa gari la mwalimu mwenzangu kuelekea Bujumbura, tukakuta miti imekatwa na kulazwa barabarani, mbele na nyuma, tukakwama hapo siku tatu, na kaka yako Gilles, mtoto wa miaka sita, akashikwa na homa. Mama yenu alisema tushuke, tutafute zahanati kwa miguu. Mimi nikasema tungoje, njia itafunguliwa. Gilles alifia mapajani mwa mama yake, tukamzika pembeni ya shamba la kahawa la mtu ambaye hata jina lake hatukulijua.

Tulipofika huku Stockholm mama yenu alinishika mkono, akasema, "Mtoto wangu si hadithi. Niapie." Habari za Kuntala alikuwa anazijua. Nikaapa.

Kiapo hicho nilikivunja mwaka 2001. Nilikuwa nasafisha sakafu za uwanja wa ndege, na katika treni ya kwenda na kurudi Märsta nikaanza kuiandika barabara ile, mti kwa mti, kwa Kiodia, lugha ya kwetu, ambayo mama yenu hakuweza kuisoma. Na aibu yangu iko hapa, wanangu: sikujificha. Tulikaa meza moja, yeye akichambua maharage, mimi nikiandika msiba wake mbele ya macho yake, na akiniuliza naandika nini, namwambia, "Mto wa kwetu." Madaftari hayo aliyapangusa vumbi kwa mikono yake, miaka minane.

Mwaka juzi, alipokuwa hospitalini na madaktari hawana tena la kufanya, aliniomba nimpelekee daftari moja nimsomee. Nikafungua ukurasa wa kifo cha Gilles, nikaanza kumtungia uongo, mafuriko, ng'ombe wanavushwa mto. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na Gilles umemweka wapi?"

Nikalifunga daftari.

"Ukiandika huwa unanong'ona," akasema. "Miaka yote hii nasikia jina lake."

Nililia, nikamwomba msamaha. La msamaha hakulijibu. Aliuliza tu, "Umeandika alivyokuwa anacheka?"

Sikuwa nimeandika. Madaftari saba, wanangu, na mtoto ndani yake hana kazi ila kufa. Mama yenu alifariki Jumapili iliyofuata, na tangu siku ile kila nikishika kalamu naiona barabara tu. Kicheko cha mwanangu kimenitoka kabisa. Sikisikii.

Basi fanyeni hivi. Mhariri wa Cuttack anayataka madaftari, msimpe bado. Kuna binti wa kwetu, Minati, anasoma chuo kikuu hapa, amekubali kuja kuwasomea na kuwafasiria. Siku hiyo mwiteni mjomba wenu Cyriaque kutoka Märsta. Hajaingia humu tangu nilipokataa dada yake akazikwe Gitega; mwambieni nilikosea kumfungia mlango. Mkishasikia yote, ninyi wawili na mjomba wenu amueni, yachapishwe au yachomwe. Mimi nimewaamulia watu wengine mara nyingi, inatosha.

Daftari la saba lina kurasa tupu nyuma. Raïssa, wewe ulikuwa ukilala na Gilles kitanda kimoja utotoni. Andika wewe, kwa Kiswidi, kwa Kirundi, kwa lugha yoyote inayokuja, ili Roméo amjue kaka yake akiwa hai.

Mwili wangu uchomwe, kama desturi ya kwetu. Majivu… majivu myazike kaburini kwa mama yenu, kama mnadhani angekubali. Nipe maji, Roméo. Kidogo tu. Inatosha, mwanangu.

Mungu wa mama yenu na Mungu wangu wawaangalie… wawape watoto, na watoto hao… wawazike ninyi, si ninyi wao. Usilie. Nishike tu mkono.

Raïssa, usingoje daftari. Alikuwa anachekaje? Niambie sasa… polepole… nasikiliza.