Kasiani Mkude na Udongo wa Kwa Mjomba

Baba Padre, mjomba Agustino, mfiwa wetu mama Cecilia, mzee Chandulal na ndugu zetu wa sokoni, waombolezaji wote mlioketi na mliosimama kwa kukosa mkeka, wakubwa shikamooni. Ukoo umetutuma sisi watani wake tusome historia hii, kwa kuwa ndugu zake wangelia kabla hawajamaliza kutaja jina, na sisi watani tukilia hatuaminiki.

Marehemu Kasiani Mkude alizaliwa mlimani, chini ya kilele cha Bondwa, tarehe 12 Machi 1872, tarehe ambayo padre aliipata kwa kumwangalia meno siku ya ubatizo, maana mama yake alipoulizwa alisema tu kwamba mtoto alizaliwa wakati wa palizi, akatambaa kabla mvua haijakatika, na tangu hapo hakuna aliyemkuta pale alipomwacha.

Alianza shule ya misheni hapa Morogoro mwaka 1884, akatoroka 1885, akarudi mwenyewe, akatoroka tena 1886, safari hiyo akafika Mikese kutazama kama njia inaendelea, akakuta inaendelea, akarudi kuwaambia wenzake, na mwaka 1888 walimu walipoona anasoma na kuandika kuliko waliotulia darasani wakamruhusu aende zake kwa amani. Kuanzia 1890 alibeba mizigo ya misafara, na hata msafara ulipopumzika yeye alizunguka kambi na mzigo kichwani, akidai akiutua utamzoea vibaya.

Tarehe 9 Februari 1896 alifunga ndoa na Cecilia, wakajaliwa watoto watano, na kati yao watatu wako nasi, mkubwa wao akiwa Kristina, na mama Cecilia mwenyewe ametuomba tuseme kwamba katika miaka kumi na sita ya ndoa hajawahi kumwona mumewe amemaliza ugali akiwa amekaa.

Mwaka 1904 aliajiriwa na Mdachi mmoja mtafiti wa mimea, na hapo miguu yake ikapata kazi inayoifaa, kwani kazi ilikuwa kupanda mlima, kukata kitawi chenye ua, kukilaza katikati ya magazeti mpaka kikauke, na kuandika siku na mahali kilipokatwa. Magazeti hayo ya Kigujarati yalitoka dukani kwa mzee Chandulal, hivyo huko Ulaya leo majani ya Uluguru yamelala juu ya bei za vitambaa vya Bombay, na wasomi wanayasoma yote mawili.

Gari moshi lilipokwisha kufika, mwaka 1908, Boma liliagiza kiwanja kilicho kati ya stesheni na soko kipandwe miti ya mlimani, watu wapate kivuli, na Mdachi akapanda miche arobaini ikafa, akapanda arobaini mingine ikafa. Kasiani akamwambia kwamba mche unahitaji udongo wa chini ya mama yake, Mdachi akajibu kuwa udongo ni udongo, Kasiani akasema, "Bwana, mbona wewe umekuja Uluguru na jamu yako ya kopo?" na Mdachi akamwachia arobaini ya mwisho.

Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo penye neno. Miti mama yenye miche chini yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye msitu wa ukoo wa mama yake, penye makaburi ya wazee, ambapo mtu huingia pekupeku na havunji hata kijiti. Mjomba Agustino, mwenye kutoa ruhusa, alikuwa safarini, angerudi Jumamosi, na Kasiani akaona Jumamosi ni mbali, akapanda mchana kweupe na wenzake sita, wakateremsha matenga saba ya udongo na miche yake.

Mjomba aliporudi alimwita, akamwambia mbele ya ukoo, "Mpwa wangu, umewatwaa wazee ukawapeleka wakakanyagwe na wauza samaki, basi na wewe utalala huko huko, kwetu hupandi tena, si mzima, si maiti."

Kati ya miche arobaini ilishika thelathini na saba. Kasiani akahamia huku chini Mwembesongo na familia yake, akamwagilia, akafukuza mbuzi, akafukuza na wenye mbuzi, na kila Jumapili kwa miaka minne, baada ya misa, alitembea mpaka mto wa mwisho chini ya mlima, akasimama mguu mmoja majini, akageuka.

Tarehe 28 Septemba mwaka huu, baada ya kushinda mtoni akichota maji ya miti, alishikwa na kichomi, na jana Jumatano tarehe 16 Oktoba 1912, saa nne asubuhi, alifariki dunia, neno lake la mwisho kwa mkewe likiwa, "Niombee kwa mjomba." Kristina alipanda mlima saa ile ile.

Leo asubuhi mjomba ameteremka, na kabla ya kuja msibani amepita bustanini, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, na mpakani mwa ile miti, pasipo kuambiwa na mtu, amevua viatu vyake. Ametembea mti kwa mti, kisha amekuja kwa mfiwa akasema, "Mama Cecilia, nilidhani amewatupa, kumbe amewapa nyumba ya pili. Kosa lake ni la kutouliza, nalo ni la miguu. Tunapanda naye."

Kwa hiyo vijana wa Mwembesongo mliochimba kaburi tangu alfajiri, mtusamehe, lifukieni. Tunamshukuru daktari na masista waliomuuguza, majirani waliovumilia mtu wa kufagia uwanja mara nne kwa siku, mzee Chandulal aliyetoa sanda, na wenzake wa bustani, ambao tunawakumbusha kuwa kiangazi hakina matanga.

Wabebaji, kazeni mikanda, mlima uko mbele yetu. Kasiani, tunakupeleka kwenu, ukifika pumzika kwa amani, na safari hii, baba, kaa.