Ukuta wa Mbele

Mwenyekiti amenipa dakika chache na amenionya, kwa sababu mnanijua, mdomo wangu hauna breki. Nitaongea Kiswahili ili hata wale mliokuja Timau juzi kwa kazi ya maua mnielewe. Lakini sitaanza na salamu. Msishangae. Salamu nitaitoa nikimaliza, kama mtakuwa bado mnataka kuniitikia.

Akina mama wenzangu, na nyinyi waume zetu mliokubali kuja leo, nawaambia habari ya nyumba yangu. Baba mkwe wangu, ambaye alishatutoka, aliijenga kwa mbao zile za pembeni, zenye magome. Mbao za namna hiyo zikikauka zinajikunja, na katikati ya moja na nyingine unaweza kupitisha kidole. Kwa hiyo kila mwaka mwezi wa Juni, kabla baridi haijakaza, nyumbani kulikuwa na kazi moja. Mama mkwe anapika gundi ya unga wa ngano kwa sufuria kuukuu, mume wangu analeta magazeti ya zamani ya kupima kwa kilo, na kuta zote zinabandikwa upya kwa ndani, juu ya yale ya mwaka jana. Watoto wangu walijifunza kusoma kwa hizo kuta. Yule msichana wetu mdogo alikuwa analala karibu na bei za mbolea, na alizijua zote kwa kichwa.

Mimi nilikuwa naona aibu. Kusema ukweli, niliona aibu tangu siku nilipoolewa.

Mnajua utaratibu wetu wa kutembeleana, sisi akina mama wa ushirika. Kila mwezi tunaenda kwa mmoja wetu, tunampelekea mchango na vyombo, tunakula, tunaomba. Lakini tusidanganyane. Tukitoka pale, njiani tunaongea nini? Tunaongea viti vyake. Tunaongea sakafu yake. Mimi mwenyewe nimewahi kusema kuhusu choo cha mwenzetu mmoja maneno ambayo siwezi kuyarudia ndani ya kanisa. Basi nilijua vizuri mtasema nini mkiona magazeti yangu.

Zamu yangu ilipangwa Agosti. Nikaapa kwamba mtakuta ukuta wa mawe, dirisha kubwa, na rangi ya krimu.

Mume wangu anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, na mimi napanga maua, nayafunga kwa urefu wa shina. Ni mtu mpole, huyo mume wangu. Mshahara wake alikuwa ananiletea wote, anauweka mezani, anaenda kunawa. Nikachukua daftari la shule la mtoto nikaandika bajeti ya nyumba. Aisee, ilikuwa bajeti nzuri! Mngeiona mngenifanya mweka hazina siku hiyo hiyo. Tulikuwa na ng'ombe mmoja; maziwa yake yote yakaanza kuuzwa, ya asubuhi na ya jioni, na sisi tukanywa turungi, chai tupu isiyo na maziwa. Mayai yakauzwa. Kuni zikatoka matita matatu kwa wiki zikawa tita moja. Mtoto akiuliza sukari iko wapi, namwonyesha mawe ya ukuta niliyokuwa nimeanza kununua, pale nje.

Nikaanza kuyapenda yale mawe. Yalikuwa ya kuchonga, yamepangwa safi kando ya njia. Nikitoka kazini nilikuwa nayapitia kwanza, nayagusa, kabla sijawasalimia watu wa nyumbani. Ninyi mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Juni ikafika. Mume wangu akaja na mzigo wa magazeti begani. Akasema, "Mama, baridi hiyo inakuja. Tubandike."

Nikamwambia, "Tubandike nini? Kwani huoni mawe? Hiyo nyumba tunaibomoa. Na unga wa ngano nimeupanga wa chapati za wageni."

"Tunabomoa mbele tu, na hata hiyo ni Agosti. Julai tutalala wapi?"

"Tutajifunika."

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na jiko. Alikuwa ameshatoa ile sufuria ya gundi, ameishika mapajani. Akaitazama, akainama, akairudisha chini ya meza. Mimi nikabeba yale magazeti nikayarudisha dukani, nikarudishiwa pesa, nikaziandika kwa daftari upande wa akiba. Na nilifurahi.

Fundi naye alijaribu. Alizunguka nyumba, akasimama nyuma, pale kwenye chumba cha mama mkwe kinachotazama mlima. Akaweka kiganja kwenye ufa. Akasema, "Mama, upepo unaingilia huku. Tuanze na huku."

Nikamjibu, "Wageni hawapitii nyuma."

Akacheka. "Haya basi. Tuivalishe tai kabla ya shati." Akaenda mbele akaanza kuchimba msingi.

Julai ile mnaikumbuka. Asubuhi barafu nyeupe kwenye majani ya waru, hivi viazi vyetu, na ukungu hautoki mpaka saa sita. Mama mkwe akaanza kukohoa. Nikamwuliza, akasema ni moshi. Ndugu zangu, moshi gani, na kuni nilikuwa nimezikata mimi mwenyewe? Lakini lile jibu lilinifaa, nikalikubali.

Akaendelea kukohoa wiki mbili. Kila asubuhi anaamka kabla yetu, anakamua ng'ombe, anakabidhi maziwa kwa yule mnunuzi wa pikipiki, kisha anaketi na kikombe chake cha turungi. Halafu Jumamosi moja hakuamka. Ng'ombe akawa analia zizini. Nikaenda chumbani kwake nikiwa nimekasirika kidogo, niseme ukweli, kwa sababu maziwa yalikuwa yanachelewa.

Nilimkuta amejikunja, midomo imebadilika rangi, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka. Nikamwita, "Mama!" Akafungua macho akayafunga. Nikavuta blanketi nimfunike vizuri, nikakuta ni moja. Nilijua ana mawili. La pili nilikuja kulikuta kwa yule msichana mdogo, alikuwa amepewa na nyanyake na kuambiwa asiseme.

Ndipo nikainua macho nikauona ukuta.

Magazeti ya mwaka uliopita yalikuwa yamelegea na kupasuka, na katika kila ufa kulikuwa na kitu kimeshindiliwa. Sufu ya buluu. Niliitambua. Ilikuwa sweta yake, ile ya pekee, ameikata vipande vipande kwa kisu cha jikoni. Vipande vilikuwa vimefika hadi usawa wa kitanda, halafu sweta ikaisha. Juu ya hapo alikuwa amesokota kitambaa chake cha kichwa cha ushirika, kile cheupe mlichompa ninyi alipofikisha umri wa wazee wa kanisa. Kitambaa ambacho hakukivaa hata sokoni, akiogopa kikichafuka. Kilikuwa kimefungwa kwenye ufa, kimelowa umande.

Sikulia pale. Nilipiga kelele. Mume wangu alikuja akambeba mgongoni mpaka kwa jirani mwenye gari, tukashuka naye Meru, hospitalini. Daktari akasema ni nimonia, mapafu yote mawili. Akawekewa oksijeni. Siku tatu nilikaa kando ya kile kitanda nikimwomba Mungu, na maombi yangu yalikuwa ya aibu tupu. Nilikuwa nasema, usimchukue, usimchukue kabla sijampa moto. Siku hizo tatu hakunijua.

Siku ya nne alinijua. Nikamwuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia unaumia na baridi?"

Akapumzika kwanza. Kisha akasema, "Ulikuwa unahesabu, mwanangu. Sikutaka kukuharibia hesabu."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejitetea, mnanijua. Alisema kama mtu anayeniomba msamaha, yeye, wakati mimi ndiye niliyemlaza pale.

Nilitoka nje ya wodi. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, nilikuwa natembea nalo kila mahali. Nikaketi kwenye ngazi nikalifungua, nikatafuta mama mkwe ameandikwa wapi. Simiti ilikuwepo. Mchanga, misumari, vioo vya dirisha, rangi ya krimu. Karo ya watoto ilikuwepo. Soda za wageni zilikuwepo, kreti mbili. Mama hakuwepo. Ukurasa baada ya ukurasa, hakuna hata blanketi lake. Mahali pekee nilipomkuta ni upande wa mapato, penye maziwa, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anakamua. Hapo ndipo nilipolia, na askari wa pale akaniuliza kama nimefiwa.

Pesa ya ukuta ililipa hospitali, na ikabaki kidogo sana. Hilo silijutii. Nilichokuwa naogopa sasa ni ninyi. Nikampigia katibu wetu nikamwambia zamu yangu ipewe mwingine, kwangu kuna shughuli.

Katibu akaniuliza, "Mama mkwe yuko hospitali na wewe unaniambia shughuli?"

Kwani nani alimwambia? Mpaka leo sijui. Nikaanza kujitetea, maneno yakagongana, mwisho nikasema ukweli wote: nyumba yangu ni ya mbao, ina magazeti yaliyochanika, mbele kuna shimo la msingi, na sina hata unga wa chapati. Nikangoja anihurumie. Akasema, "Tutakuja Jumanne. Usipike." Akakata simu.

Na mkaja. Wengine mmo humu ndani, sitataja mtu. Mlikuja mmevaa nguo za shambani, na kila mmoja ana magazeti kwapani na kilo ya unga. Mliruka lile shimo la mbele mkazunguka nyuma, moja kwa moja mpaka chumba cha mama. Mmoja wenu akauliza, "Sufuria ya gundi iko wapi?" Nikainama chini ya meza nikaitoa.

Mlitoa vile vipande vya sweta kimoja kimoja. Hakuna aliyeuliza ni vya nini. Mlibandika chumba kile mara tatu, gazeti juu ya gazeti, mpaka ukisimama ndani husikii upepo. Na yule mwenzetu ambaye niliwahi kumsema choo chake, ndiye aliyepanda juu ya meza kubandika kule juu kabisa. Nilikuwa nimemshikia meza. Nilimwomba msamaha hapo hapo, akaniambia, "Nipe gundi." Nikampa.

Mama aliporudi nyumbani aliketi kitandani akatazama kuta zote nne. Kisha akamwita msichana mdogo, akamwambia amsomee.

Tuliketi sisi watatu, mimi, mume wangu na yeye, tukaandika bajeti upya. Safari hii sikushika kalamu. Mume wangu aliandika, na mama, ambaye hajui kusoma, ndiye aliyekuwa anasema nini kianze. Maziwa ya nyumbani kwanza, ndipo ya kuuzwa. Kuni. Magazeti ya Juni. Kinachobaki ndicho cha mawe, kikiwa kidogo ni kidogo. Tulikaa hivyo zaidi ya miaka miwili. Kuna miezi tuliyoweza mawe kumi tu, na mwezi mmoja hatukuweza hata moja, na tukalala tukiwa tumeshiba. Yale mawe ya kwanza tuliyahamisha kwa mikono mpaka nyuma. Fundi alipoitwa na kuambiwa aanzie upande wa mlima, hakunitania. Alisema tu, "Sawa, mama," akavua koti.

Chumba chake kilimalizika mwezi uliopita. Mawe, simiti ndani na nje, dari, na dirisha linalofunga. Aliomba kitu kimoja, kwamba ule ukuta wa ndani, wa mbao, unaotenganisha na chumba cha watoto, tuuache na magazeti yake. Anasema ukuta mtupu haumsemeshi.

Shukrani zangu ni kwa wale walioruka shimo. Ni kwa mume wangu, ambaye angeweza kunikumbusha yale magazeti kila siku na hajanikumbusha hata mara moja. Na kwako, Mama, uliyeketi hapo mbele na sweta mpya ya buluu. Niliwahi kuomba samahani nyumbani. Leo naomba mbele ya watu, kwa sababu ni macho ya watu yaliyonifanya nikusahau.

Wenzangu mnaoweka akiba ya kujenga, wekeni, ni jambo jema. Lakini kabla hujaandika simiti, zunguka nyumba yako, ingia kila chumba, lala kwenye kila kitanda usiku mmoja, halafu ndio uandike.

Zamu yangu imerudi tena, Jumanne ijayo. Ukuta wa mbele bado ni wa mbao. Lile shimo tulilifukia nikapanda sukuma wiki, basi mtapita kando msizikanyage. Mlango wa nyuma uko wazi. Mama ameshasema atawakaribisha chumbani kwake, kuna joto, na chai ni ya maziwa.

Sasa nasalimu. Bwana asifiwe.