Bi Twaiba Boga na Vijana wa Meza ya Kukatia Nguo

Assalaam alaykum, wasikilizaji wapendwa. Nawasalimu nyote, kuanzia Waa mpaka Vanga, na nyinyi wa bara huko Kinango. Mimi ni Mwanarusi Chande. Mbele yangu leo nina karatasi chache tu. Mengi nitakayowaeleza nimeyasikia siku hizi chache kwa masikio yangu, nikiwa nimeketi mkekani katika nyumba yenye msiba.

Tunamkumbuka Bi Twaiba Boga. Twaiba Boga, wa Gazi. Alifariki Jumamosi ya pili ya mwezi huu wa nne, saa kumi alasiri. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alizikwa Jumapili asubuhi, kwao Gazi.

Bi Twaiba hakuwa mwalimu wa shule. Chuo kikuu hakuwahi kusoma. Lakini wako vijana ishirini na sita wa kaunti yetu ambao wamesoma chuo kikuu, au wanasoma sasa, kwa sababu waliketi naye Jumamosi baada ya Jumamosi. Aliwafundisha kuandika utafiti. Aliwafundisha kusimulia maisha yao, ili chuo kinapopokea maombi yao kijue kinazungumza na nani.

Kazi hiyo aliijulia wapi? Kwenye matope ya mikoko, wasikilizaji wapendwa. Alipokuwa msichana wa miaka ishirini, watafiti waliokuja Gazi walimwajiri awahesabie miche. Alihesabu miche kwa miaka kumi na minane, akiandika kila kitu daftarini. Mwaka mmoja aliona kwamba upande mmoja wa mkondo kaa walikuwa wakikata miche michanga, na upande wa pili hawaigusi. Akaandika. Akawaeleza wakubwa. Baadaye mgeni mmoja akaja na kitabu kilichochapishwa. Habari za wale kaa zilikuwamo, ukurasa mzima. Jina la Twaiba halikuwamo.

Dada yake, Bi Maimuna, ni fundi wa nguo pale Msambweni. Anaikumbuka siku hiyo.

"Alikuja dukani kwangu na kile kitabu," aliniambia. "Akanisomea ule ukurasa, akinifasiria neno kwa neno. Akasema, 'Maimuna, haya niliyaona mimi. Watoto wetu wanaona mambo kila siku, na hakuna anayewafundisha kuyaandika.' Kisha akaniuliza, 'Ile meza yako ya kukatia nguo, Jumamosi unaitumia?'"

Ndivyo ilivyoanza. Meza ya kukatia nguo, Msambweni, kila Jumamosi. Vijana wanne, kisha tisa, kisha wengine wakawa wanaandika wamesimama.

Sasa nataka niwaeleze jambo ambalo yeye mwenyewe hakulificha. Bi Twaiba alikosea. Alikosea mapema, na kosa lenyewe lilimwangukia mtu mwingine.

Mwanafunzi wake wa kwanza kupata ufadhili wa kwenda ng'ambo aliitwa Swabir, wa Kinondo. Ni miaka tisa sasa. Swabir alikuwa hodari wa hesabu, lakini kalamu ilikuwa nzito mkononi mwake. Siku za maombi zilikuwa zinakwisha. Bi Twaiba akaichukua ile insha akairekebisha. Akarekebisha tena. Mwisho wake aliiandika yeye, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Chuo kikampokea Swabir kwa furaha. Kinondo nzima ilisherehekea.

Baada ya miezi kumi na minne, Swabir alirudi nyumbani.

Nimezungumza naye. Ni mtu mzima sasa, ana mke na mtoto. Aliniambia hivi: "Kule walinipokea kama mwandishi. Mhadhiri akaniambia, 'Nilisoma insha yako, nikakuombea nafasi katika darasa langu.' Mimi nilipoandika, hakuielewa karatasi yangu. Aliniangalia kama mtu aliyekwenda kumpokea mgeni akaona ameshuka mwingine. Nilishindwa kula. Nilishindwa kumweleza mtu yeyote. Nikarudi."

Bi Twaiba alipopata habari alikwenda Kinondo siku hiyohiyo. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akaketi chini mbele ya Swabir na mama yake.

"Akaniambia," anasema Swabir, "'Mwanangu, ile insha ilikuwa yangu. Walimchukua Twaiba, ukaenda wewe. Nisamehe.' Mama alikuwa na hasira naye, lakini aliposikia hivyo alilia. Mimi nilimwambia nimemsamehe. Haikuwa kweli. Nilimsamehe kama miaka miwili baadaye."

Tangu siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, Bi Twaiba hakushika tena kalamu ya mwanafunzi. Kijana akisoma insha yake, yeye alikuwa akifumua mishono ya nguo kuukuu za dada yake. "Nishughulishe mikono hii," alikuwa akimwambia Bi Maimuna. "Ikikaa bure itaiba kazi ya watoto." Alikuwa akifumua, akisikiliza, akiuliza. Ulijuaje? Ulikuwa umesimama wapi? Huyo mama alisema maneno gani hasa?

Miaka miwili iliyopita alikuja binti anayeitwa Kache. Kache ni Mduruma, kwao ni bara, upande wa Kinango, na alikuwa akiishi kwa shangazi yake Ukunda. Kijijini kwao kulichimbwa kisima, na watu wakaacha kuyanywa maji yake. Yana chumvi. Kache alikuwa amepita nyumba arobaini na mbili, mlango kwa mlango, akiuliza nani anayanywa, nani anawapa mbuzi, nani amerudi kuchota bwawani, na kwa nini. Nyumba arobaini na mbili, kwa miguu, wakati wa likizo.

Lakini alipoandika maombi yake, hayo hakuyataja. Aliandika kwamba yeye ni msichana maskini kutoka mahali pakavu, anayelilia msaada. Alikuwa ameambiwa kwamba vyuo vinapenda machozi.

Bi Twaiba alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyu uliyemwandika simjui. Mimi namjua msichana aliyebisha hodi nyumba arobaini na mbili. Yeye hakuja leo?"

Kache alikasirika akatoka. Jumamosi iliyofuata alirudi, akaanza upya. Aliandika upya mara kumi na moja.

Hapo Bi Twaiba alikuwa tayari mgonjwa. Figo. Mara mbili kwa wiki alikuwa akienda hospitalini kusafishwa damu, na vijana hawakujua. Kache alijua kwa sababu alimfuata siku moja na rasimu yake. Kuanzia hapo alimsomea palepale, muda wa saa nne nzima, mashine ikizunguka. Maombi yalipelekwa. Wakangoja majibu.

Majibu yalikuja siku ya Jumatano, siku tatu kabla ya kifo. Bi Twaiba alikuwa amelazwa, na madaktari walikwisha kuiambia familia ijitayarishe. Kache alisoma barua pepe akiwa ameketi kwenye ngazi za hospitali. Chuo kilisema kinasikitika. Hakupata nafasi.

Bi Maimuna alimkuta pale pale. Na haya yafuatayo Bi Maimuna ameniruhusu niyaseme hewani.

"Nilimshika mkono, nikamwambia, 'Mwanangu, mwambie umepata. Huyu anakwenda. Muache aende na furaha.' Nilimwambia mimi. Sikuona ubaya wowote."

Kache akaingia. Akamwamkia, "Shikamoo, Bi Twaiba." Akaitikiwa kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Nimepata."

Bi Twaiba alifumba macho, akatabasamu. "Alhamdulillahi," akasema. "Nisomee walivyoandika."

Kache akaitoa simu. Aliniambia kwamba aliiangalia muda mrefu, akitafuta maneno ya kubuni, na hakupata hata moja. Mwisho aliisoma ile barua kama ilivyo, tangu juu mpaka chini, machozi yakimtoka. Bi Maimuna alikuwa amesimama mlangoni, kinywa amekiziba kwa leso.

Bi Twaiba alifumbua macho. Akasema, "Umeisoma vizuri." Halafu akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. "Wale watu wa nyumba arobaini na mbili, umewarudishia majibu?"

Kache akasema hapana.

"Mimi nilifanyiwa hivyo maisha yangu yote," akasema Bi Twaiba. "Watu wanakuja, wanauliza, wanaondoka na majibu. Nenda kawasomee. Uniletee watakayosema."

Kache akaenda. Jumamosi alisimama mbele ya watu wa kijiji chake, karibu na kile kisima, akawasomea utafiti wake kwa Kiduruma. Watu walibishana. Walicheka alipowataja wanaodanganya wageni kwamba maji hayo ni ya mbuzi, na kumbe wanapikia. Kisha bibi mmoja, Bi Jumwa, akainuka. Akamwambia kwamba amesahau jambo. Alikuja kuwauliza wakati wa kiangazi. Mvua za masika zikinyesha wiki mbili mfululizo, chumvi hupungua, na wao hunywa. Hakuwauliza wakati huo.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Saa ileile, hospitalini, Bi Twaiba alikata roho, dada yake akiwa kando yake.

Simu kule kijijini hazishiki vizuri. Kache alipata habari asubuhi yake, akiwa njiani. Alifika Gazi watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Alikuwa bado ameshika daftari.

"Nilikuwa na furaha, mama," aliniambia Kache. "Njiani, kabla sijapata habari, nilikuwa na furaha kwa sababu Bi Jumwa alinikosoa. Nilikuwa nataka kumuuliza, utafiti ukikosolewa na mtu unayemwandika, unaandikaje? Yeye angejua. Angeniuliza kitu, na mimi ningejua."

Wasikilizaji wapendwa, Kache hajapata chuo. Sitaki kuwadanganya. Wiki hii mvua zimeanza bara, na amerudi kijijini kuuliza upya, nyumba arobaini na mbili. Ataomba tena mwaka huu. Jumamosi iliyopita, wiki moja baada ya kifo, nilipita Msambweni, nikakuta Swabir amelifungua duka pamoja na Bi Maimuna. Vijana sita walikuwa mezani. Swabir aliniambia hajui kama ataweza. Alisema atawasikiliza tu, kwanza.

Mimi pia nina langu. Mara mbili nilimwalika Bi Twaiba kwenye kipindi hiki. Mara zote mbili aliniambia, "Waite watoto, wao ndio wenye habari." Sikuwaita. Nilisema nitawaita baadaye. Sauti yake hatunayo kwenye kanda, hata sentensi moja.

Kwa Bi Maimuna, kwa jamaa wote wa Gazi, kwa Swabir, kwa Kache na wenziwe, tunawapa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Twaiba Boga, amsamehe, na awape nyinyi subira. Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea.

Na wewe unayenisikiliza, labda unapika, labda uko shambani Mkongani, labda uko kazini hotelini Diani. Karibu yako yupo kijana aliyeona jambo ambalo wewe hujaliona. Muulize leo. Akianza kueleza, usimmalizie sentensi yake.